Uzi: Bledi ya ATV kwenye njia za msituni. Tuangalie tuta inaloliacha pembeni

#1 Mlushoto wa Kaskazini (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Niko Duluth, jimbo la Minnesota, kwenye ncha ya magharibi ya Ziwa Superior. Kwetu ni Lushoto. Huu ni msimu wangu wa nne kujitolea katika kikundi kinachotunza njia ya msituni yenye urefu wa kilomita 1.8 na upana wa mita 2.4, iliyomwagwa kokoto laini juu ya udongo mwekundu wa mfinyanzi. Kiangazi wanapita watembea kwa miguu na baiskeli. Theluji ikianguka tunaisafisha ili wazee na watu wenye mbwa waendelee kutembea. Kazi hiyo tunaifanya kwa ATV, yaani pikipiki ya magurudumu manne, iliyofungwa bledi mbele, lile bamba la chuma la kusukumia theluji.

Ndugu zetu wengi walioko Marekani na Kanada wananunua hizi bledi, na kila mara swali ni chapa gani nzuri na bei gani. Sijaona mtu akiuliza kuhusu kile kinachobaki pembeni bledi ikishapita. Mimi nimekiona kikikata njia kwa macho yangu, ndiyo maana nimefungua uzi huu.

Nianze na upana, maana hapo wengi wanakosea dukani. ATV ya kawaida ina upana wa kama sentimita 120. Mtu anachukua bledi ya inchi 48, sawa na sentimita 122, anaona imezidi kidogo, inatosha. Lakini ukisukuma theluji kuelekea pembeni huendi na bledi iliyonyooka, unaikunja, yaani unaigeuza ikae mshazari. Ukiikunja nyuzi 30, ile ya sentimita 122 inasafisha sentimita 106 tu. Magurudumu ya upande mmoja na mwingine yanakanyaga theluji, inashindiliwa, usiku inaganda, na asubuhi una mistari miwili ya barafu ambayo hakuna bledi itakayoing'oa. Ya inchi 60 ikikunjwa vilevile inabaki na sentimita 132. Hiyo ndiyo tunayotumia. Kubwa zaidi ya hapo kwa mashine ya cc 500 ni kuitesa, hasa theluji ikiwa ya maji.

Jinsi inavyofungwa: kuna za kufungwa chini ya tumbo la mashine, ambapo mikono ya kusukumia inashika chasisi katikati, na kuna za kufungwa mbele. Za tumboni zinasukuma kwa nguvu zaidi na haziipi mashine mshtuko wa juu juu, ila zinapunguza nafasi kati ya tumbo na ardhi. Ukipita juu ya kisiki kilichofunikwa, utakisikia. Za mbele zinafungwa na kufunguliwa haraka na zinanyanyuka juu zaidi. Kwa njia ya msituni yenye mizizi nimependa ya mbele, ingawa wenzangu wawili kwenye kikundi hawakubaliani nami.

Halafu kuna viatu. Chini ya bledi, kila upande, kuna kisahani cha chuma kinachobeba uzito ili makali yasiguse ardhi. Kwenye kokoto viweke chini ili makali yakae juu ya ardhi kama sentimita 2 na nusu, na usianze kusafisha mpaka ardhi yenyewe igande. Theluji mbili au tatu za kwanza za mwaka mimi siziondoi kabisa. Naziacha zishindiliwe na kuganda, ziwe kama zulia la kulinda kokoto. Aliyekwenda na makali chini kwenye kokoto ambayo haijaganda anasukuma njia yenyewe kuipeleka porini.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Msimu wangu wa kwanza ulikuwa wa 2022 hadi 2023. Duluth ilipata inchi 140.1 za theluji, karibu mita 3 na nusu, rekodi ya mji huu tangu waanze kupima. Nilikuwa mgeni na nilijituma kweli. Kila ilipoanguka nilikwenda, bledi nimeikunja upande mmoja, namwaga yote upande wa bondeni kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Kufika Machi lile tuta la pembeni lilikuwa linanifika kifuani. Njia ilikuwa safi, watu wananipungia mkono.

Aprili joto likaja. Maji ya theluji yakaanza kushuka kutoka upande wa mlimani, yakaingia kwenye njia, yakataka kuvuka kwenda bondeni kama yanavyofanya miaka yote. Yakakuta ukuta. Ulikuwa umeganda kama saruji, na ndani yake mlikuwa na kokoto nilizozikwangua majira yote. Maji hayakuvuka. Yakageuka, yakafuata njia kwa urefu, yakaongeza kasi kwenye mteremko. Nilikwenda Jumamosi asubuhi nikakuta mfereji wa mita 40 katikati ya njia. Niliingiza mkono, ukazama mpaka kwenye kiwiko. Chini kabisa udongo mwekundu ulikuwa unateleza kama sabuni, na kokoto zote zimerundikana mwisho wa mteremko kwenye kijito. Nilikaa pale juu ya gogo muda mrefu. Tulitumia wikendi tano za Mei na Juni kurudisha kile nilichokivunja kwa kuendesha vizuri.

Kwa hiyo ninapoulizwa bledi gani nzuri, namuuliza mtu kwanza njia yake inamwaga maji upande gani. Karibuni tuchangie, hasa mafundi na wenye uzoefu wa barabara za udongo.

#2 Kijana wa Mafinga

Mkuu asante kwa uzi, nimeusoma mara mbili. Mimi niko huku Mufindi, jirani na shamba la miti la Sao Hill. Theluji hatuna, lakini njia za kuzuia moto tunazo nyingi. Kubwa zinachongwa na greda, ndogo za vijijini tunafyeka kwa mkono kila mwaka kabla ya kiangazi kukolea. Nimekuwa nikiziona hizo ATV kwenye video nikajiuliza, bledi kama hiyo haiwezi kuchonga njia ya moto ya mita 3 kwenye shamba la mtu mmoja mmoja? Greda kulileta kwa ekari 10 ni gharama isiyobebeka.

#3 Mlushoto wa Kaskazini

Kijana wa Mafinga, nitakujibu kwa moyo mweupe ili usije ukapoteza pesa. Bledi hizi zimetengenezwa kusukuma kitu kilicholegea: theluji, kokoto, majani, mchanga. Nyuma yake kuna springi. Makali yakigonga jiwe, bledi inajikunja mbele, inapita, inarudi. Ndizo zinazokuokoa usirushwe juu ya usukani. Lakini ukiipeleka kwenye nyasi zenye mizizi, zile springi zitajikunja kila hatua na hutachonga kitu. Kuna watu wanazikaza kabisa ili zisijikunje. Usifanye hivyo. Mwenzetu mmoja alizikaza, akagonga kisiki kwa mwendo mdogo tu, na kifundo cha mkono wake kilivimba wiki mbili. Chuma cha kusukumia nacho kilipinda.

ATV yenyewe ina uzito wa kilo 300 hadi 350 hivi. Ndiyo sifa yake kwenye njia za miguu, haishindilii udongo kama trekta. Lakini ndiyo maana pia haiwezi kung'oa. Kwa kazi yako fyeka kwanza, halafu kokota nyuma haro ndogo ya visahani, ile ya kulainisha udongo, mara kadhaa, udongo ukiwa na unyevu kidogo. Bledi itakusaidia mwisho, kukusanya majani na takataka zilizolegea.

Jambo moja angalia sana: njia ya moto ikinyooka moja kwa moja kupanda mlima, masika itakuwa korongo. Huku tuna kanuni ya nusu. Ukali wa njia usizidi nusu ya ukali wa mlima inaoukata. Ukizidi, maji hayaoni sababu ya kuvuka, yanafuata njia yako.

#4 Fundi Springi

Mimi natengeneza hizi mashine, niko Minneapolis mwaka wa tisa. Mleta uzi kasema vizuri kuhusu njia, mimi niseme kuhusu mashine, maana kila Januari zinaletwa kwangu zimekufa kwa sababu zilezile.

Mkanda. ATV nyingi za siku hizi hazina gia za meno kama pikipiki zetu, zina mkanda wa mpira unaozunguka kati ya puli mbili. Ukisukuma mzigo mzito ukiwa kwenye gia ya juu, mwendo ni mdogo na mkanda unateleza, unapata moto, unaungua. Utasikia harufu ya mpira kabla hujaona chochote. Weka gia nzito, ile yenye herufi L, tangu unapoanza mpaka unapomaliza. Wenye Honda Foreman au Rancher hawana shida hii kwa sababu ni gia za meno, lakini nao wasisukume kwa kasi.

Winchi. Ndiyo inayonyanyua bledi kwa wengi, na watu hawafikirii kuwa inanyanyuka na kushuka mara mia kwa asubuhi moja. Waya wa chuma unakunjwa palepale kila mara, nyuzi zinaanza kuchomoza moja moja, siku moja unakatika ukiwa porini. Weka kamba ya sintetiki fupi ya kazi hii tu. Na usivute bledi ikishafika juu kabisa. Motori haijui imefika, itaendelea kuvuta mpaka kitu kikatike.

Betri. Kila unaponyanyua, winchi inakula umeme mwingi kuliko mashine inavyozalisha ikiwa inanguruma chini chini. Ongeza mafuta kidogo unaponyanyua. Usiku ichomeke kwenye chaja ndogo.

Na mbele mnapofunga chuma cha kilo 50 na kitu, kazeni springi za shokomzoba za mbele, na nyuma mweke mifuko ya mchanga. Bila hivyo mashine inainama, magurudumu ya nyuma yanakuwa mepesi, mnasema matairi mabaya. Minyororo kwenye matairi ya nyuma inafanya kazi kuliko tairi jipya.

#5 Mama Wawili, Edmonton

Naomba nipinge kidogo kuhusu viatu. Mimi nasafisha mbele ya nyumba na njia ya lami ya mtaa kwa ATV ya mume wangu. Kwenye lami ukiacha sentimita 2 na nusu umeacha barafu, na mzee akianguka hapo utajuta. Sisi tumetoa viatu kabisa, makali yanagusa lami, na tumefunga ukanda wa plastiki ngumu chini ili usikwangue wala kupiga kelele saa kumi na moja alfajiri.

Pia mleta uzi hakusema: theluji ikigandia kwenye bledi inakuwa nzito na haibingiriki, inasukumwa kama ukuta. Mimi napaka nta au napulizia silikoni kabla ya kutoka. Hata mafuta ya kupikia nimeshatumia.

Na jamani, mwanzoni mwa msimu sukumeni mbali. Mbali kuliko mnavyodhani inahitajika. Tuta la Novemba likishaganda halisogei tena, na kila theluji mpya inaongeza upana wake kuja ndani. Kufika Februari njia ya watu wawili inapitisha mtu mmoja.

#6 Mlushoto wa Kaskazini

Mama Wawili, uko sahihi kabisa kwenye lami, nilikuwa nazungumzia kokoto peke yake na nilipaswa kusema hivyo. Na hilo la kusukuma mbali mapema ndilo nililofundishwa na kovu.

Fundi, la kamba asante. Yetu bado ni ya chuma na nimekwenda kuiangalia leo baada ya kukusoma. Kuna nyuzi tatu zimeshachomoza pale pale ulipopasema. Naibadilisha wiki hii.

#7 Mwana wa Machakos

Nimefuatilia kimya tangu mwanzo. Mimi nimelelewa Machakos na baba yangu alikuwa akichimba matuta kila Septemba kabla ya mvua, nasi watoto tukimfuata nyuma. Ndugu mleta uzi, kile ulichokifanya mwaka wa kwanza kwetu kina jina. Ni *fanya chini*.

Kwa wasiojua: ukichimba mtaro kukata mlima na kutupa udongo upande wa juu, hiyo ni *fanya juu*. Ukiutupa upande wa chini, ni *fanya chini*. Zote mbili zinazuia maji yasikimbie na udongo. Wewe njia yako ndiyo ilikuwa mtaro, na theluji uliyoimwaga bondeni ndiyo ilikuwa tuta. Ulijenga kinga maji nzuri sana. Tofauti ni kwamba baba alipima mtaro wake kwa kipimo cha uzi na vijiti viwili mpaka ukalala sawasawa, maji yakaingia yakatulia, yakazama shambani. Njia yako haijalala sawasawa, inashuka. Kwa hiyo maji yaliyoingia hayakuwa na pa kutulia.

Swali langu: sasa hivi unamwaga upande gani? Ukimwaga mlimani si utakuwa umetatua?

#8 Mlushoto wa Kaskazini

Mwana wa Machakos, umenifanya nisimame nikazunguka chumba. Miaka minne natafuta namna ya kuwaeleza wenzangu hapa, na jibu lilikuwa kwenye shamba la baba yako. Kule kwetu Usambara tunasema makinga maji, na mimi mwenyewe nimeyapalilia nikiwa mtoto, wala sikuyaona nilipokuwa nayajenga juu ya ile mashine.

Kuhusu kumwaga mlimani: nilijaribu msimu wa pili. Kuna tatizo lake. Mchana jua likipiga, lile tuta la juu linayeyuka polepole na maji yanatambaa kuvuka njia. Usiku yanaganda. Asubuhi njia nzima ni kioo. Mama mmoja mzee alianguka mbele yangu nikiwa nafunga bledi, akaamka mwenyewe na kunipa pole mimi, lakini kuanzia siku hiyo sikumwaga tena upande huo.

Tunachofanya sasa ni hiki. Theluji yote inakwenda bondeni, mbali, kama alivyosema Mama Wawili. Lakini mwanzoni mwa Machi, kabla ya joto, tunashuka na makoleo na kukata mapengo kwenye tuta, kila moja upana wa mita 1, mpaka chini kabisa kwenye ardhi. Hatukati kila mahali. Yako 11 tu, pale ambapo kiangazi maji yana michirizi ya kutokea. Bledi haiwezi kazi hii. Njia ina upana wa mita 2.4, na mashine pamoja na bledi ni ndefu kuliko hapo, huwezi kuigeuza ikaelekea bondeni. Ni mgongo na koleo, watu sita, asubuhi moja.

Kisha theluji ikiisha, Mei, udongo ukishakauka kiasi cha kubeba mashine, bledi inarudi kazini kwa mara nyingine na hii ndiyo kazi yake ninayoipenda kuliko zote. Kokoto zilizobaki pembeni zinakuwa tuta dogo la urefu wa kiganja, linalofuata ukingo wote wa bondeni. Ukiliacha, mvua ya kwanza ya kiangazi inarudia kile kile cha Aprili, kwa sauti ndogo. Nakunja bledi kinyume, nakwenda taratibu kuliko mtu anayetembea, navuta zile kokoto kurudi katikati. Halafu reki ya kukokota nyuma inazisambaza, na tunamalizia kwa jembe pale penye mizizi. Njia inatakiwa ilalie bondeni kidogo, kama 5 kwa 100. Kwa upana wetu ni sentimita 12 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Naweka ubao mnyoofu na pima maji juu yake, napima kila hatua kumi. Ukimwaga ndoo ya maji juu, yanapaswa kuvuka yakiwa yametandazika, bila kutafuta mstari.

#9 Kijana wa Mafinga

Nimeelewa sasa. Njia yangu ya moto inapanda moja kwa moja na tayari ina ufa katikati. Nilidhani ni magari ya kuni.

#10 Fundi Springi

Swali la kiufundi, mleta uzi. Machi theluji iko mita moja na zaidi. Hayo mapengo 11 unayajuaje yako wapi?

#11 Mlushoto wa Kaskazini

Swali zuri, na mwaka wa pili lilitushinda. Tulichimba mapengo 4 mahali pasipo na mchirizi wowote, tukarudi nyumbani tumechoka bure.

Sasa kila Oktoba, kabla ardhi haijaganda, tunapanda fimbo kwenye kila mchirizi. Ni zile fimbo za plastiki ngumu za rangi ya chungwa wanazoweka pembeni ya njia za magari majumbani, ila tunachukua ndefu, mita 1.8, kwa sababu za mita 1.2 zilizikwa zote. Tunaipanda hatua moja nje ya ukingo, upande wa bondeni, ili bledi isiipitie. Juu tunafunga kitambaa, maana rangi yenyewe ikishashikwa na barafu haionekani. Zile zile zinamsaidia anayeendesha alfajiri kujua ukingo unaishia wapi, kwa kuwa theluji inajaza bonde na kulifanya lionekane tambarare. Gurudumu moja likitoka pale mashine inalala ubavu na wewe chini yake. Hakuna anayepanda bila helmeti, na hakuna anayekwenda peke yake.

Mwaka huu za kwetu zimeshapandwa Jumamosi iliyopita. Ya saba nimeihamisha mita 2 kwenda juu, kwa sababu kiangazi hiki mti ulianguka ukabadilisha mahali maji yanapotokea. Kijana wa Mafinga, nitumie picha ya huo ufa wako, ikiwezekana ukiwa umesimama chini unaangalia juu, tuone pa kukata mchirizi wa kwanza kabla masika haijafika.